Kazi ya Kikundi Chuoni: Je, Tuandike Jina la Asiyefanya Kazi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Taala, Mola wa viumbe vyote. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, katika maswali tuliyoletewa muhula huu limo moja ambalo tuliliona dogo tulipolisoma mara ya kwanza, na kila tulipolizingatia likazidi kuwa kubwa. Ameuliza mama mmoja. Binti yake yuko chuo kikuu, na alipewa kazi ya kikundi pamoja na wenzake watano. Katika hao watano yumo mtoto wa mama yake mdogo. Kazi yenyewe ni utafiti mdogo juu ya kina mama wanaolima mwani. Siku ya kuikusanya ripoti ilipokaribia, binti alikataa kuliandika jina la nduguye huyo, akasema hakufanya kitu. Mama akamwambia, "Huyo ni ndugu yako, msitiri." Binti akajibu kwamba ukurasa wa mwanzo una maneno ya kuthibitisha kuwa wote waliotajwa wameshiriki, na yeye hatii saini yake kwenye uongo. Maneno yakafika kwa mama mdogo, na tangu siku hiyo madada wawili waliokuwa wakipelekeana futari hawaendeani. Mama anauliza: nani aliye sawa, mimi au mwanangu?

Tumewaomba ruhusa wahusika kulijibu swali hili mbele ya watu, na hatukumtaja mtu, kwa sababu tunajua si nyumba moja tu yenye jambo hili.

Ni jambo gani hasa linalozungumzwa?

Wazee wetu hawakusoma vyuo vikuu, lakini kazi ya kikundi waliijua vizuri. Walikuwa na kikoa: leo zamu ya huyu kutoa chakula, kesho zamu ya yule, na wote wanakula. Walikuwa na msaragambo: kijiji kinatoka pamoja kufyeka njia au kusafisha kisima. Na walikuwa na jina la mtu anayefika kila siku kwenye sinia la kikoa na zamu yake ikifika haonekani. Walimwita mdowezi. Hakupigwa wala hakushitakiwa, lakini kila mtu alimjua.

Chuoni leo mdowezi hajulikani, na hapo ndipo penye tatizo. Ripoti inakwenda kwa mwalimu ikiwa na majina sita, inarudi na alama moja, na alama hiyo huandikwa kwa wote sita sawasawa. Aliyekesha akiandika na aliyelala wamepata sabini na mbili.

Jambo hili lina maumbile yake. Mfaransa mmoja aliyekuwa mhandisi wa kilimo, Max Ringelmann, aliwapa watu kamba waivute, akapima nguvu ya mmoja mmoja kisha nguvu ya kundi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Aliona kuwa kila watu walivyoongezwa, kila mmoja alivuta pungufu ya vile ambavyo angevuta peke yake. Sehemu ya upungufu huo ni kwamba watu hawavuti kwa wakati mmoja. Lakini watafiti wa Marekani waliolirudia jambo hili mwaka 1979, kwa kuwataka watu wapige makofi na kelele, walikuta kuwa sehemu nyengine ni uvivu wa mtu anayejua kuwa juhudi yake haionekani ndani ya kundi. Anayejua kuwa kazi yake itaonekana halegei kama anayejua kuwa haionekani. Mvuvi aliyewahi kukokota chombo pwani halihitaji somo hili. Anawajua wenzake wanaotoa sauti kubwa huku kamba yao imelegea.

Allah (S.W.) ametueleza zaidi ya hayo. Katika Surat Sad aya ya 24, Nabii Daud (A.S.) anatoa hukumu kwa kueleza kuwa washirika wengi hudhulumiana, isipokuwa walioamini na wakatenda mema, na hao ni wachache. Hukumu hii imetoka kwa mtume, nayo inatufundisha kuwa ushirika bila ya imani na utaratibu huelekea kwenye dhulma.

Wanazuoni wamesemaje juu ya kushirikiana kwa kazi?

Wengi wetu katika visiwa hivi tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, Allah amrehemu. Katika vitabu vya madhehebu yetu, mlango wa sharika, imeelezwa kuwa sharikatul-abdan haisihi. Hiyo ni sharika ya watu wasioweka mtaji, bali wanashirikiana kwa kazi za miili yao kisha wakagawana chumo. Hoja ya wanazuoni wetu ni kwamba manufaa ya mwili wa mtu ni yake mwenyewe, na haijulikani mwenzake atafanya kiasi gani au hatafanya kitu kabisa. Huo ni gharar, yaani kutojulikana kunakozaa ugomvi.

Madhehebu nyengine tatu zimeiruhusu sharika hii, kila moja kwa masharti yake. Katika dalili zao ni hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Yeye, Ammar bin Yasir na Sa'd bin Abi Waqqas walikubaliana siku ya Badr kushirikiana katika watakachokipata. Sa'd akaja na mateka wawili, Ammar na Ibn Mas'ud hawakuja na kitu. Wasioitegemea hadithi hii wanasema isnadi yake imekatika, kwa kuwa Abu Ubayda aliyeipokea kwa baba yake Ibn Mas'ud hakumsikia.

Hatukusudii hapa kuamua baina ya maimamu. Tunataka msomaji achukue faida mbili.

Ya kwanza ni kutoka kwa wale walioruhusu. Ammar na Ibn Mas'ud hawakubaki majumbani mwao siku ile. Walikuwa uwanjani kama Sa'd alivyokuwa uwanjani. Mmoja mkono wake ulipata na wenziwe hawakupata. Basi tofauti ya matokeo peke yake si dhulma. Katika kikundi yuko mwepesi wa kuandika na mzito, yuko mwenye kompyuta na yuko anayesoma kwenye simu ndogo yenye bando la kuhesabu. Mwenye nguvu akifanya zaidi na mnyonge akafanya anachokiweza kwa moyo wake wote, huo ndio udugu. Dhulma inaanza pale mmoja anapokuwa hakutoka nyumbani kabisa, kisha akataka kugaiwa.

Ya pili ni kutoka kwa wale waliokataza, nao ni maimamu wa madhehebu yetu: kutojulikana nani atafanya nini ndio mlango wa ugomvi. Ukiufunga mlango huo mwanzoni, yaliyobaki ni mepesi. Tutalirudia hili.

Alama si ngawira

Lakini kazi ya chuo inatofautiana na biashara katika jambo moja kubwa. Sa'd alikuwa na haki ya kugawa sehemu yake, kwa sababu mali mtu humpa amtakaye. Alama haigawiki hivyo. Alama ni kauli ya mwalimu kwamba mwanafunzi huyu analijua jambo hili, na kauli hiyo inajengwa juu ya kauli ya wanafunzi kwamba hii ni kazi yao.

Lugha yetu wenyewe inatukumbusha. Karatasi anayopewa mhitimu tunaiita shahada, na shahada ni ushahidi. Chuo kinawashuhudilia watu, wakiwemo mgonjwa atakayetibiwa, mtoto atakayesomeshwa na mwenye nyumba atakayejengewa, kwamba huyu anajua. Mgonjwa hakuwamo kwenye kikundi wala hakuulizwa kama amesamehe.

Kwa hiyo katika kila kazi ya kikundi zimo haki mbili. Ya kwanza ni haki ya mwenzako kwa jasho lake. Hii akitaka ataisamehe, na akisamehe ana ujira kwa Allah. Ya pili ni haki ya ukweli, nayo ni ya mwalimu na ya jamii nzima, na mwanafunzi hana ruhusa ya kuisamehe kwa niaba yao. Wengi wetu tunazichanganya. Tunasema, "Mimi nimemsamehe, nimemwandikia jina," tukidhani tumetoa sadaka, kumbe tumetoa mali ya mtu mwengine.

Katika Suratun Nisaa aya ya 135 Allah anawaamrisha walioamini wasimame imara katika uadilifu na watoe ushahidi kwa ajili yake, ijapokuwa ni dhidi ya nafsi zao, au wazazi wao, au jamaa zao wa karibu. Jamaa wametajwa kwa sababu Allah anajua kuwa huko ndiko miguu yetu inakoteleza. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea, akakaa sawa alipofika kwenye ushahidi wa uongo, akawa anaikariri kauli hiyo mpaka sahaba wakatamani anyamaze.

Kwa upande wa anayeandikiwa jina, nako kuna onyo. Katika hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (R.A.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemfananisha anayejionyesha kuwa amepewa kitu ambacho hakupewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo. Na Suratu Aal Imran aya ya 188 inawaonya wanaopenda kusifiwa kwa wasiyoyatenda.

Mwenye udhuru na anayeponyoka

Kabla ya kumhukumu mtu, lazima tuulize kwa nini hakufanya. Ziko aya mbili katika Suratun Nur, ya 62 na ya 63, tunapenda kila kikundi cha wanafunzi kizisome siku ya kwanza. Allah anawasifu waumini ambao wakiwa na Mtume katika jambo la pamoja hawaondoki mpaka wamuombe ruhusa. Kisha anawaonya wale wanaoponyoka kwa siri huku wakijificha nyuma ya wenzao. Wafasiri na wanasira wamezihusisha aya hizi na kuchimbwa kwa handaki, Madina ilipozingirwa. Waumini walichimba, na mwenye haja aliomba ruhusa, akaenda na akarudi. Wanafiki walichomoka kimya kimya. Mtume mwenyewe (S.A.W.) alibeba mchanga pamoja nao mpaka vumbi likalifunika tumbo lake, kama alivyosimulia Al-Baraa bin Azib katika Sahih Bukhari.

Tazameni tofauti. Wote wawili hawapo kazini. Mmoja amesema, "Mama yangu amelazwa, nipeni siku tatu," au "Nauza duka mpaka saa nne za usiku ili nipate ada, nipeni sehemu nitakayoifanya alfajiri." Huyu ana udhuru, na wenzake wambebe, na jina lake liandikwe kwa kile alichoweza. Mwengine amezima simu, haonekani kwenye grupu la WhatsApp wiki mbili, na usiku wa kuamkia siku ya kukusanya anaandika, "Jamani msinisahau." Huyo ndiye aliyeponyoka.

Dhulma ya upande wa pili

Hapa inatubidi tuseme tulichokikuta katika kisa cha mama yetu huyu. Tulimuomba awakutanishe mabinti wawili, kila mmoja aeleze bila ya kukatizwa. Yule aliyeambiwa hakufanya kitu alisema kuwa alikwenda vijiji viwili vya pwani kuwauliza kina mama maswali, akajaza karatasi kumi na nne. Kisha akaandika sehemu yake na kuipeleka. Nduguye aliisoma, akaiona mbovu, akaifuta yote na kuiandika upya bila ya kumwambia. Alipoiona ripoti haina neno lake hata moja, alivunjika moyo, akaacha kujibu ujumbe. Tulipomuuliza binti wa kwanza kama ni kweli, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, lakini ilikuwa mbovu."

Ndugu zetu, wako vijana hodari wanaolalamika kuwa wamebeba mzigo peke yao, na ukichunguza utakuta waliunyakua. Wanaogopa alama itashuka, kwa hiyo hawamwamini mtu. Mwenzao akileta kitu hawamrekebishi, wanamfuta. Hii nayo ni dhulma, kwa sababu lengo la kazi ya kikundi ni mnyonge ajifunze kwa hodari, na wao wamemnyima. Nabii Musa (A.S.) alimuomba Mola wake amfanye nduguye Harun msaidizi na amshirikishe katika kazi yake, akakiri kuwa Harun ana ufasaha zaidi wa ulimi. Mtume hakuona aibu kuhitaji msaada, basi nani anayedhani anatosha peke yake?

Je, kumwambia mwalimu ni ghiba?

Swali hili huwazuia vijana wengi wenye kumcha Mungu. Jibu ni kuwa si kila kumtaja mtu kwa kosa lake ni ghiba iliyoharamishwa. Imam Nawawi katika Riyadhus-Salihin ametaja mahali sita panaporuhusiwa, miongoni mwake ni aliyedhulumiwa kupeleka lalamiko kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki yake, na kuomba msaada wa kuondoa uovu. Dalili yake mojawapo ni Hind, aliyemlalamikia mumewe Abu Sufyan kwa Mtume (S.A.W.) kuwa hampi matumizi ya kutosha, na Mtume akamjibu wala hakumkemea kwa kumtaja.

Ila ruhusa hii ina mipaka. Mtu anamwambia mwalimu, haitangazi habari kwenye grupu wala barazani. Anasema alichokiona, haongezi. Na anaanza kwa mwenyewe mhusika. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au mwenye kudhulumiwa, akaeleza kuwa kumsaidia dhalimu ni kumzuia na dhulma yake. Kumwandikia jina mvivu hakumsaidii. Kumwambia wiki ya pili, "Ndugu yangu, sehemu yako hatujaiona, tukae leo baada ya Alasiri tuifanye pamoja," huko ndiko kumsaidia.

Nini kifanyike

Kwa vijana wetu, tunawausia mambo haya. Siku ya kwanza kaeni muandike nani atafanya nini na lini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni juu ya kuandikiana madeni, na kazi mliyoahidiana ni deni. Gharama za kutoa chapa na nauli nazo zigawanywe wazi, kwa sababu tumeona pia mtu anayetoa pesa akadhani amenunua nafasi ya kutofanya kazi. Mwenye udhuru aseme mapema. Sehemu ya mwenzenu ikiwa dhaifu, mrudishieni na mmuoneshe. Na mwisho wa ripoti wekeni jedwali dogo la nani amefanya nini, na wote mlisome kabla halijatoka.

Kuna tofauti pia baina ya orodha ya wanakikundi na tamko la ushiriki. Ikiwa mwalimu ameagiza yaandikwe majina ya wote aliowapanga katika kikundi, kuyaandika si uongo, kwa kuwa ni kweli wamepangwa humo. Ikiwa karatasi inasema wote wameshiriki, na mmoja hakushiriki hata kidogo, basi kulitia saini tamko hilo haijuzu, hata akiwa mtoto wa mama mmoja.

Kwa walimu wenzetu, nasi tukiwa ni miongoni mwao, tunaanza kwa kujilaumu. Darasa la wanafunzi mia moja na ishirini likigawanywa kwa sita sita, linakuwa ripoti ishirini za kusahihisha. Tunajua wepesi huo ulivyotuvutia. Tumewahi kutoa alama moja kwa watu sita, tukiona dhahiri kuwa ripoti ni ya mkono mmoja, na hatukuuliza. Tunamuomba Allah atusamehe. Tangu tulipozindukana tunafanya vikundi vya watatu au wanne, na kila mmoja anaitwa kwa dakika chache aulizwe juu ya ripoti yake. Sehemu ya alama ni ya kikundi na sehemu ni ya mtu mwenyewe. Inachosha, lakini mizani tumepewa sisi, na Suratul Mutaffifin inaanza kwa kitisho kwa wanaopunja.

Kwa wazazi, tunasema kwa heshima: msiwafundishe watoto wenu kuwa udugu ni kufichiana uongo. Na msilipie mtu awaandikie watoto wenu kazi. Mtoto wa skuli anayezoea kuandikiwa atafika chuoni hajui kuandika, na hapo ndipo atakapokuwa mdowezi, hata kama hapendi.

Na aliyekwishahitimu kwa namna hii?

Wengine wametuuliza kwa faragha: wamemaliza, wana kazi, na wanakumbuka ripoti ambazo hawakuziandika. Tunawaambia mlango wa toba uko wazi. Wajute, waazimie kutorudia, wawaombe radhi wenzao waliowabebesha, na wajifunze kwa dhati lile walilolikosa. Ama mshahara, Sheikh Ibn Baz, Allah amrehemu, aliulizwa juu ya aliyepata shahada huku akiwa ameghushi katika mitihani, akajibu kuwa ni wajibu atubie, na chumo lake halina ubaya iwapo anaitekeleza kazi yake inavyotakiwa. Asiyeimudu kazi, ajifunze au aiachie mwenye kuiweza, hasa pale penye roho za watu.

Turudi kwa mama yetu

Mama, mwanao alisema kweli kuwa saini ni ushahidi, na wewe ulisema kweli kuwa nduguye ana haki juu yake. Kosa lako ni kutaka sitara ipite juu ya ushahidi. Kosa lake ni kutaka ushahidi bila ya kuuliza. Tuliwashauri waandike ukweli ulivyo: kwamba huyu alikusanya majibu ya kina mama wa vijiji viwili, na hakushiriki katika uandishi. Walifanya hivyo, na wote wawili walitia saini. Mwalimu aliwapa alama tofauti, na aliyepata pungufu hakulalamika, kwa sababu aliyaona maneno hayo kabla hayajatoka na aliyakubali. Binti mkubwa alikwenda mwenyewe kwa mama yake mdogo kuomba radhi kwa ile sehemu aliyoifuta. Ama nyinyi madada wawili, zamu ya kuanza kwenda ni ya yeyote atakayeisoma makala hii kwanza.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awajaalie uadilifu katika kazi zao, na aziunganishe nyoyo za jamaa. Aamin.

Wallahu aalam.